Banda la Siku Moja

Kofi lilimkuta Ubwa kwenye daraja ya tatu ya ngazi, mikono yote miwili imeshika kuti, kwa hiyo hakuwa na wa kujikingia. Hakuanguka. Aliikumbatia boriti kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa, akateleza nayo mpaka chini, ncha ya ufito ikimchana kutoka kifuani hadi kitovuni.

"Nani kakwambia utoboe?" aliuliza Nasser.

Nasser alikuwa mkubwa wa walinzi, mrefu, mwenye mkono mwepesi. Kofi kwake lilikuwa namna ya kuamkiana. Ubwa alitema mate mekundu pembeni, akapitisha ulimi kuyakagua meno. Yote yalikuwa bado kazini.

"Sijatoboa," alisema. "Huo mlango."

"Mlango si uko mbele?"

"Wa mbele wa kuingilia. Huu wa kutokea."

"Jengo gani hilo, mtu anaingia huku anatokea kule? Choo cha sokoni?"

Mafundi waliokuwa juu ya paa wakacheka. Asiyecheka mzaha wa Nasser huletewa wa pili karibu.

Banda lenyewe lilikuwa la siku moja. Lingesimama Jumamosi asubuhi, na kabla ya adhuhuri liwe majivu. Ndiyo kazi lililojengewa. Uwanda ulikuwa wa kijiji cha Kiongweni, nyuma ya Tunguu, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka Mji Mkongwe. Mpaka Ramadhani iliyopita palikuwa na mihogo na mbaazi za watu thelathini na mmoja, Ubwa na kaka yake Usi wakiwamo. Siku katapila lilipopita, muhogo wa Usi ulikuwa na miezi saba. Uling'oka mzima mzima, mweupe, katapila likarudi nyuma likaupitia tena, pengine dereva alidhani haujasikia. Sasa ilikuwa pajengwe mji mpya pale, wa nyumba zenye mabwawa ya kuogelea. Waliong'olewa waliahidiwa viwanja ng'ambo ya barabara, na orodha ya viwanja alikuwa nayo Bwana Zahran, ambaye mwekezaji alimpa kazi ya sherehe ya uzinduzi na kazi ya watu kwa pamoja.

"Kijiji kikicheza vizuri Jumamosi," Zahran aliwaambia, "hakitasahauliwa."

Hakuna aliyeuliza kikicheza vibaya kitafanywa nini.

Kucheza maana yake Mwaka, sikukuu ya mwaka mpya wa wakulima. Babu zao walihama kutoka kusini wakaja nao. Ukifika, wenye vinyongo hutwangana kwa vigogo vya migomba mpaka kinyongo kiishe au pumzi ziishe. Kisha husimamishwa kibanda cha makuti makavu, mzee mmoja huingia, mlango ukatiwa moto, na yeye hutokea nyuma akatokomea vichakani na mikosi yote ya kijiji. Wakati huo kila mtu huinamisha uso chini. Anayetoka hatazamwi, na mpaka watu waishe kula haulizwi yuko wapi. Akionekana tu, mikosi imerudi nyumbani. Miaka kumi na saba aliyetoka alikuwa Usi.

Mwaka wenyewe ulikuwa bado wiki mbili, lakini mgeni rasmi alikuwa na safari. Basi Mwaka ukasogezwa.

Banda lilichorwa na Sami, kijana wa mjini, mpole, aliyesomea majengo nje akarudi na miwani. Siku ya kwanza alikuja na kompyuta akaiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye kioo kulikuwa na banda la umbo la kawa, lile la kufunikia chakula, refu mara tatu ya mtu, la rangi ya dhahabu, halina mshono hata mmoja.

"Zuri," alisema Ubwa, na alimaanisha. "Dhahabu hii ndiyo nini?"

"Vanishi, mzee wangu. Tunaipaka mikono miwili."

"Kuti kavu, na vanishi juu yake. Mwanangu, hilo si banda, hiyo baruti."

"Inatakiwa liwake haraka. Kwenye ratiba limepewa dakika nne."

"Na kaka yangu kwenye ratiba kapewa ngapi?"

Sami alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, swali bado lipo. Ubwa akaokota kijiti, akachuchumaa, akachora duara mchangani. Hapa mbele. Hapa nyuma. Akavuta mstari mrefu kutoka upande wa barabara kubwa.

"Kusi linavuma kutoka huku. Mlango wa kutokea uelekee upepo, ili moto umkimbie mtu, usimkimbilie. Unaweka kuti moja peke yake, linashikwa na uzi mmoja wa usumba, huu wa makumbi ya nazi. Bega likigusa, limefunguka. Na aliye nje haoni kitu, anaona banda lako zuri."

Sami aliupiga picha ule mchoro wa mchangani. "Hili sikulijua kabisa," alisema.

"Utalijulia wapi? Majengo yenu nyinyi hayachomwi."

Alikuwa kijana mwema. Usiku huo huo alilichora upya. Ila karatasi aliyopewa Nasser ilikuwa ile ya zamani, na kofi likapigwa kwa karatasi ya zamani. Sami alipokuja mbio na mpya, Nasser aliitazama, akaigeuza, akasema, "Si mngesema," kana kwamba Ubwa kule juu ya ngazi alikuwa amenyamaza kwa kiburi.

Jumamosi asubuhi Ubwa alifika uwandani akakuta mlango wa kutokea hauko. Mahali pake pana picha.

Lilikuwa bango la turubai, pana kuliko lori, juu ya fremu ya chuma, limefungwa kwenye boriti kwa waya wa nondo, mizunguko mitatu kila mahali. Ndani ya picha mlikuwa na nyumba nyeupe, bwawa la buluu na mwanamke amejilaza kitini, amefumba macho. Ubwa alisukuma kwa kiganja. Halikutikisika. Aliyefunga waya ule alikuwa fundi, tena mzuri.

Zahran alikuwa kwenye busati jekundu, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake, simu mbili mkononi.

"Bwana Zahran, picha ile imeziba."

"Imeziba nini?"

"Mlango wa mtu."

"Fundi, hebu nisikilize. Mgeni rasmi anakuja na barabara ile. Kitu cha kwanza macho yake yaone nini? Makuti? Makuti anayajua yule, kazaliwa ndani yake. Katumia miaka arobaini ili asiyaone tena."

"Sasa kaka yangu atatokea wapi?"

"Msafara ukishapita tunaitoa. Watu wawili, dakika moja. Nakupa neno langu."

"Basi nipe na plaizi."

"Nshakupa neno, unataka na plaizi?"

Sami alikuwa karibu, amekumbatia kompyuta yake. Ubwa alimtazama, na kijana akajikohoza. "Bwana Zahran, kwa kweli pale nyuma, kiusalama..."

"Sami. Ile kazi ya hoteli Kendwa unaitaka, huitaki?"

Sami akatazama viatu vyake. Vilikuwa na vumbi, vilistahili kutazamwa.

Ubwa alimkuta Usi nyuma ya wanawake, amekaa juu ya kinu, mkewe Salhiya akimmwagia maji kwa kata. Desturi ni kuingia umelowa, na kanga iliyolowa mabegani. Usi alikuwa na miaka sitini na mbili, mbavu za kuhesabika, na mdomo ambao haujawahi kufungwa tangu siku aliyozaliwa.

"Mwambie shemegi yako," Salhiya alimwambia Ubwa, "akitoka asikae vichakani kuchuma zambarau. Mwaka jana kakaa mpaka magharibi. Watu washakula, mie nshakuwa kizuka nusu, bado kukalishwa eda tu."

"Huyu si shemegi yangu, huyu ndugu yangu," alisema Ubwa.

"Ndio maana nnakwambia wewe, mnafanana ukaidi."

"Kaka, kule nyuma wameziba kwa bango. Wanasema watalitoa. Usiingie mpaka nikupigie mluzi. Nikishakata waya, ntapiga mluzi. Usiposikia, usitie mguu."

Usi alipangusa maji machoni. "Na wakinilazimisha?"

"Waambie unasubiri mluzi."

"Na viwanja?"

Ubwa alimweka sawa kanga mabegani.

"Nna wajukuu tisa chini ya mabati manne," alisema Usi. "Wakilala, mmoja akijigeuza wote wanajigeuza, kama gwaride. Moto wa makuti mie unanijua kwa jina. Wewe piga mluzi wako mapema, basi."

Msafara ulikuwa ufike saa tatu. Ulifika saa tano na nusu, magari kumi na mawili meusi. Mgeni rasmi aliipenda picha. Aliipenda mpaka akateremka, akasimama mbele ya bwawa la turubai, akapigwa picha ndani ya picha. Na kwa vile aliteremkia hapo, magari yakaegeshwa hapo hapo, ubavuni mwa bango, na walinzi wakapanga mstari kuyazunguka. Hotuba tatu zikafanywa moja. Mshereheshaji, kijana wa suti ya kung'aa, akanong'onezwa kwamba mkubwa ana saa moja tu, akakamata kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mabibi na mabwana, sasa kijiji kinapigana!"

Na kijiji kikapigana. Wageni walidhani wataona ngoma. Lakini mwaka ule Kiongweni ilikuwa na waliotia dole gumba mapema kwenye karatasi za kuachia ardhi na waliogoma kutia, na wote walikuwa wakisubiri siku hii. Vigogo vya migomba vibichi vinalia vikishuka juu ya mgongo, vinatoa maji. Kijana mmoja alipigwa usoni pua ikahama. Aliishika kwa mkono mmoja na kuendelea kupiga kwa mwingine. Mzee mmoja aliangushwa akakanyagwa na mpwa wake, na mpwa alikuwa akilia. "Nani kakwambia utie dole? Nani?" Juu ya viti vyenye vitambaa vyeupe watu walisimama ili waone vizuri. Bibi mmoja wa mjini alifunika macho ya mwanawe, kisha akafunua vidole.

Ubwa hakupigana. Alichukua panga lake la kukatia kamba, akainama, akapita nyuma.

"We! Unakwenda wapi na panga kwenye magari ya wakubwa?" Nasser alimtia rungu kifuani, si kwa nguvu, kwa kumsimamisha tu.

"Kukata waya. Bwana Zahran kaniahidi."

"Mie hajaniahidi."

"Muulize."

Nasser akasema na simu ya upepo, akaiweka sikioni. Upande wa pili wa banda ngoma zilibadilika, zikawa za kibanda. Ubwa aliyajua mapigo yale. Ndiyo Usi hutembea nayo mpaka mlangoni.

"Anasema subiri," alisema Nasser.

"Nisubiri nini, mtu anaingia!"

"Subiri mkubwa akae kwanza. Fundi, rudi nyuma, usinitie dhambini."

Kisha mluzi ukalia.

Ulikuwa mrefu, safi, wa vidole viwili mdomoni, na haukuwa wake. Ulitoka kule mbele. Baadaye watu walisema ni mlinzi mmoja. Alimwambia mzee aingie, muda umekwisha, mzee akasema anasubiri mluzi. Mlinzi hakuwa na ubaya, alikuwa na haraka tu. Akasema, "Kumbe hilo tu?" akaupiga.

Ubwa alisikia watu wakishangilia. Alisikia wanawake wakianza wimbo wa kuinamisha uso. Alilitupa panga chini ili aonekane hana kitu, akakimbilia bango. Rungu la kwanza lilimkuta gotini. Alianguka, akaendelea kwa mikono. La pili lilimkuta mdomoni, na safari hii meno hayakuwa na haja ya kukaguliwa, aliyaona mbele yake juu ya mchanga.

"Mtu!" alisema. "Mna mtu!"

Mshereheshaji akageuka. "Vita vimehamia nyuma! Wapigieni makofi!"

Makofi yakapigwa. Madereva wa magari meusi walitoa simu zao.

Vanishi ilishika moto na sauti ya kitambaa kikubwa kinachochanwa. Ubwa, shavu likiwa mchangani na goti la Nasser shingoni, aliliona bango kwa upande. Mwanzo lilitulia. Kisha maji ya bwawa yakavimba mahali pamoja, yakarudi, yakavimba tena. Bega. Usi alikuwa akisukuma kwa bega mahali penye kuti moja na uzi mmoja wa usumba. Mwanamke aliyejilaza alitutumka tumbo, akabonyea, akatutumka. Sauti ikaanza. Dereva mmoja alimwambia mwenziwe, "Huyu anaigiza hasa," na akasogeza simu karibu.

Kiongweni nzima ilikuwa imeinamisha uso. Watu mia tatu, wenye damu puani na wasio na damu, wanatazama vidole vya miguu yao, kwa sababu huyo anayetoka hatazamwi. Waliisikia sauti. Kila mwaka Usi hupiga kelele ndani, huwachekesha. Hutukana moto, hutaja majina ya mashehe wabahili. Waliinama zaidi.

Salhiya ndiye aliyekatiza wimbo. Aliinua kichwa. Mwanamke wa pembeni yake alimvuta ushungi kumrudisha chini, ushungi ukabaki mkononi mwake.

Alipita katikati ya walinzi kichwa wazi, na yeyote aliyemnyooshea rungu alikuta ameshapita. Alishika fremu ya chuma kwa viganja. Ilikuwa imeiva. Hakuiachia. Ngozi ililia na yeye hakulia. Alivuta, akaweka mguu kwenye boriti inayowaka akavuta tena, waya wa nondo mizunguko mitatu haukumjali. Ndipo vijana wakageuka, kwanza yule wa pua iliyohama, kisha wa pande zote mbili, waliotia dole na wasiotia, wakalidaka bango kwa pamoja likang'oka na boriti zake.

Usi alitoka. Alitoka kwa magoti. Kanga iliyoloweshwa ilikuwa imeshikana na mgongo wake, haikujulikana wapi inaishia na wapi anaanzia yeye. Hakumtazama mtu. Alitambaa kuelekea vichakani, ambako ndiko hutokomea kila mwaka, akapita baina ya magari mawili meusi, akaacha alama ya mkono kwenye mlango wa mojawapo, na hatua tano mbele akalala.

Waliokuwa mbali bado walikuwa wameinama.

Mgeni rasmi alishachukuliwa kwenye hema la chakula. Upepo ulikuwa umegeuza harufu. Mshereheshaji alijipangusa jasho, akatazama upande wa Zahran, akaona kidole kikizungushwa hewani, endelea, endelea.

"Na kama mlivyoona," alisema, "mzee wetu ametoka! Na kwa desturi ya kijiji hiki, haulizwi yuko wapi. Biriani iko tayari!"

Salhiya alikuwa amekaa chini, kichwa cha Usi mapajani, viganja vyake amevigeuzia juu kwa kuwa havikuweza tena kushika kitu. Vijana walisimama kuwazunguka. Mmoja akaokota kigogo cha mgomba, na mwingine. Walinzi wakasogeana. Sami alikuwa ameinamia gurudumu la gari, anatapika.

Wakati huo basi kutoka Kendwa likaingia uwandani. Lilikuwa na wageni arobaini wa hoteli, waliochelewa kwa sababu ya kusubiriana kwenye kifungua kinywa. Waliteremka na kofia zao, na kamera, wakatazama moshi kwa masikitiko. Kiongozi wao, kijana wa mjini mwenye fulana ya hoteli, alikwenda mbio kwa Zahran.

"Wanauliza, wamekosa?"

"Wamekosa."

"Wamelipia hawa, bwana. Wanauliza hamuwezi kuchoma jingine? Hata dogo."

Zahran alitazama saa yake. Aliwatazama wageni arobaini, akawatazama vijana wenye vigogo, ambao kwa mbali walionekana wamejipanga vizuri. Kisha akatembea mpaka alipolazwa Ubwa, akakusanya kanzu isiguse damu, akachuchumaa.

"Fundi," alisema kwa upole, "boriti zimebaki ngapi?"

Nasser akaondoa goti shingoni mwa Ubwa, ili apate kujibu.